Kwa Fundi wa Mikono, Kibarani

Mmeniuliza, mmoja mmoja na kwa vikundi, nilikwenda kufanya nini Kilifi kwa baiskeli siku nne nzima wakati mabasi yapo. Wengine mmeshajijibu wenyewe, na majibu yenu yamenifikia, hata lile la mke wa pili. Basi nimeona niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, nisirudie hadithi ile ile kila ninapopita kuwajulia hali.

Asiyenijua vizuri ajue kwamba kazi yangu ni kuandika mabango. Nyumbani ni Machakos, lakini ni mwaka wa tisa huu niko Malindi, naishi Ganda, na kila asubuhi naingia mjini kwa baiskeli, mikebe ya rangi nimeifunga nyuma. Maduka mengi mnayopita majina yake nimeyaandika mimi, kwa mkono, bila rula. Mwaka ule shule zilipoambiwa ziongeze darasa la nane, kazi ilinimwagikia. Kutoka Mambrui hadi Watamu kulikuwa na milango mipya, na kila mlango ulitaka kuandikwa DARASA LA NANE.

Wakati huo huo mikono yangu ikaanza kufa.

Ilianza na kidole kidogo cha kulia. Kikafuata cha pili yake, kisha vya kushoto. Nikifika mjini nashuka, nashika brashi, naona vidole vimeishika lakini sivisikii, kana kwamba nimeshikana mkono na mtu mwingine. Kwenye shule moja niliandika N ambayo miguu yake ilikataa kusimama. Mwalimu mkuu akaiangalia muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama ndio mtindo mpya wa mjini. Nikamwambia ndio. Nilirudi kwangu jioni hiyo nimejaa hofu, na sioni haya kuisema. Sina shamba la maana, sina cheti cha kunipeleka ofisini. Nina mikono miwili, na ilikuwa inaniaga.

Nilikwenda zahanati nikapewa vidonge. Nikajipaka mafuta ya kila aina. Mke wangu Ndinda sikumwambia kitu, maana ningemwambia ningekuwa nimekubali kwamba ni kweli.

Aliyeliona ni jirani yetu Mama Kadzo, mzaliwa wa Adu, ambaye huuza mbaazi pale njia panda ya Ganda na huniona kila asubuhi nikipita. Siku moja akanisimamisha.

"Baba Mutua, hiyo mikono yako itakuua."

Nikashtuka. "Umejuaje, mama?"

"Macho ninayo. Enda Kibarani, pale karibu na kuingia Kilifi. Muulize Kazungu, kando ya kinu cha kusaga mahindi. Atengeneza mikono. Ya mwanangu ilikuwa mibaya kushinda yako, na sasa aenda kazini aimba."

"Ni mganga?"

"Ni fundi. Lakini usisahau kwenda nayo."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Mtu ataisahau vipi mikono yake nyumbani? Na neno fundi halikunisumbua, kwani huku Pwani ni neno pana. Ajengaye nyumba ni fundi, ashonaye kanzu ni fundi, na ajuaye dawa na kuunga mifupa naye huitwa fundi. Nikaelewa ni mtu wa viungo. Kwa Ndinda nikasema kuna shule Kilifi imeniita, na ili aamini nikaifunga mikebe nyuma kama kawaida.

Malindi hadi Gede

Nilitoka baada ya adhana ya alfajiri. Niliamua kwenda kwa baiskeli, na sababu yenyewe ni majivuno. Mnaijua. Niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, baiskeli nyembamba ya mashindano, rangi ya buluu, na mikono yake ilijikunja kwenda mbele na chini kama pembe za kondoo dume. Barabara ya Ganda nzima haikuwa na nyingine. Ukiipanda unalala juu yake, pua iko karibu na gurudumu la mbele, na watu wakikuona wanajua amepita mtu mwenye haraka. Nisingekubali kuingia Kilifi bila watu wa Kilifi kuiona.

Mpaka nilipoupita uwanja wa ndege, mambo yalikuwa mazuri. Baada ya hapo vidole vikaanza. Dawa yangu ya njiani ilikuwa kuuachia mkono mmoja na kuukung'uta hewani kwa nguvu, kisha mwingine. Nikakung'uta wa kulia. Nyuma yangu nikasikia breki ndefu, na basi likasimama mbele yangu kando ya lami. Utingo akaruka chini, akaja mbio, akaishika baiskeli yangu.

"Haya, mzee, juu kuna nafasi. Washuka wapi?"

"Sisafiri."

"Umesimamisha basi."

"Nilikuwa nakung'uta mkono."

Akanitazama, akawatazama abiria waliokuwa wametoa vichwa madirishani. "Amesema alikuwa akung'uta mkono," akawatangazia. Mama mmoja dirishani akasema niachwe, labda nimetoka kuzika. Nikaomba radhi, wakaenda zao. Nimesema hili kwa sababu lilitokea mara mbili kabla ya Gede, na lile basi la pili liliniambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Gede nilikula mahamri na mbaazi, nikanywa chai mbili. Muuzaji alitaka kujua kama baiskeli hiyo ina kiti cha kubebea mke. Nikamwambia haina. Akasema basi ni ya mseja. Nilicheka naye, na nikaondoka hapo nimeshiba na moyo umetulia kidogo.

Gede hadi Matsangoni

Baada ya njia panda ya Dabaso nilichomwa na mwiba. Kiraka cha tyubu nilikuwa nacho, lakini kuibandua tairi kunataka vidole vyenye uhai, na vyangu havikuwa nao. Nilikaa kando ya barabara, upande ambao msitu unaanza, nikihangaika na kazi ya dakika kumi kwa karibu saa nzima. Jasho lilinitoka, na nadhani si jua peke yake. Nilikuwa nafikiria milango. Nilikuwa na milango kumi na kitu niliyoahidi, na kila mlango ulikuwa na N mbili.

Nikiwa pale akanipita mgema mmoja, amepanda baiskeli nyeusi ya kizamani, madumu mawili ya tembo kila upande. Mikono ya baiskeli yake ilikuwa imeinuka juu na kurudi nyuma, naye amekaa wima kama aliyeko sebuleni kwake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akanijulia hali, nikamjibu, akapita.

Nikamaliza kiraka, nikampita kwa mbio. Baadaye kidogo nikasimama kukung'uta mikono, safari hii nimeshuka kabisa na kujificha nyuma ya kichaka ili mabasi yasinione. Mgema akanipita. Nikampita tena. Nikasimama tena. Mara ya tatu alipunguza mwendo akawa sambamba nami, akaniangalia nilivyolala juu ya baiskeli.

"Ndugu yangu, umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu."

"Basi watafuta nini huko chini?"

Nikamwona hana adabu. Nikakanyaga kwa hasira mpaka Matsangoni, na nilipofika shingo ilikuwa imekaza hivi kwamba nilinunua dafu nikashindwa kuinua kichwa kulinywa. Muuzaji akanikatia kijiko cha kifuu, akanipa nyama ya dafu kwanza. Mgema yule alifika nikiwa ninakula, akanipungia, akaendelea na safari yake.

Matsangoni hadi Kibarani

Kipande hiki kina kupanda na kushuka kidogo, na upepo ulikuwa wa mbele, lakini nitakachokikumbuka ni watu niliowauliza njia. Niliuliza Roka, nikauliza Tezo mara mbili. Kila mahali nilisema namtafuta Kazungu atengenezaye mikono, na kila mtu, kabla ya kunijibu, aliitazama baiskeli yangu. Waliitazama kwa makini, toka mbele hadi nyuma, kisha wakatikisa kichwa na kunielekeza. Mimi nikajua wanaihusudu.

"Kwa kweli wahitaji kufika," akaniambia mama mmoja wa Tezo aliyekuwa akianika muhogo. "Ikiwa hivyo si vizuri."

Nikamshukuru kwa huruma yake. Nilijiuliza tu ameuonaje ugonjwa wangu wakati viganja vilikuwa vimeshika chuma.

Niliingia Kibarani alasiri. Kinu nilikisikia kabla sijakiona.

Kibarani, kelele za kinu

Ilikuwa nyumba ya mabati, na ndani yake injini iliyonguruma hata ardhi ikatetemeka. Kina mama kama kumi walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi. Barazani, ubavuni mwa kinu, alikuwapo mwanamume wa makamo, mwembamba, shati wazi, mikono imejaa grisi. Nilimwona ana spana mkononi, lakini nikadhani anamsaidia mwenye kinu. Ilibidi kupiga kelele.

"Wewe ndiye Kazungu?"

"Ndimi!"

"Nimeambiwa watengeneza mikono!"

"Natengeneza! Imekuwaje?"

"Imekufa ganzi!"

Akaweka kiganja sikioni. "Imekufa nini?"

"Ganzi!"

"Imelegea au imekaza?"

Nikafikiri. "Yalegea! Asubuhi haishiki kitu!"

"Ikishikwa yacheza?"

"Yatetemeka!"

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya kawaida. Nikapata moyo. Hapa, nikasema, nimefika kwa mtu anayejua. Nikavuta pumzi nimweleze lililokuwa likinitisha kuliko yote, na nilipofungua kinywa mwenye kinu akazima injini. Sauti yangu ikabaki peke yake Kibarani nzima.

"Usiku nikiamka haipo kabisa!"

Kina mama wote wakageuka. Kazungu akaweka spana chini.

"Yaibwa?"

"Haiibwi. Nikilala naipoteza. Asubuhi yarudi polepole."

"Asubuhi yarudi," akarudia. "Basi mwizi wako ana adabu, ndugu yangu. Huku kwetu wakichukua mikono hawarudishi, na hupitia na kengele."

Nilimtazama, kisha nikatazama nyuma yake. Ukutani kulikuwa na mikono imening'inizwa, mingi, ya chuma, mingine ina kutu, mingine imekunjwa upya. Mikono ya baiskeli. Chini kulikuwa na magurudumu, minyororo, na beseni la maji la kutafutia matobo.

Nikanyoosha viganja vyangu viwili mbele yake, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. "Mimi nilimaanisha hii," nikasema.

Walicheka. Sitasema hawakucheka. Mama mmoja alilazimika kukaa juu ya ndoo yake. Lakini Kazungu hakucheka sana. Alisema mimi ni wa tatu. Alikuwa amewahi kuletewa bibi aliyeteguka kifundo cha mkono, na kabla ya hapo mtu aliyetoka mbali akiwa na jipu. "Nawaambia atu mimi ni wa baiskeli, hawasikii." Atu ni watu kwa Kigiriama.

Nikaketi kwenye ngazi ya kinu. Ningelia kama pasingekuwa na foleni ile. Njia yote ile, na hofu yote ile, kumbe nimetumwa kwa mtengeneza baiskeli. Nikamwazia Mama Kadzo na ule usemi wake wa kwenda nayo. Alisema niende nayo baiskeli, mimi nikasikia niende nayo mikono, na kwa lugha hii tamu vyote viwili ni nayo.

Kazungu alikuwa akiizunguka baiskeli yangu.

"Hebu panda," akasema. "Nitakushikia."

Nikapanda bila hamu. Akanishika kwa nyuma. Akaangalia mabega, akaangalia kiti, akainama akaangalia vifundo vya mikono yangu, vilivyokuwa vimekunjika kwenda nyuma pale pembe zinapopinda.

"Waiendesha kila siku?"

"Kila siku. Kwenda na kurudi kazini."

"Wewe hukai juu ya baiskeli," akasema. "Wewe watembea kwa mikono. Watoka kwako mpaka kazini kwa mikono, halafu wataka mikono iandike."

Sikuwa nimemwambia ninaandika. Alikuwa ameiona mikebe.

Dawa yake ilikuwa hii: pembe zigeuzwe zielekee juu, shingo ya baiskeli ivutwe juu, na kiti kinyooshwe. Nikakataa. Nikamwambia baiskeli hii ni ya mashindano.

"Washindana na nani?"

"Itaonekana kama ng'ombe."

"Ng'ombe hafi ganzi."

Nikakataa tena. Naye, badala ya kuniachia niende, akasema jua limekwenda na kwake hapalali mgeni na njaa, mke wake ameshaweka chungu, tutakula wari. Miaka tisa Pwani na bado mtego huo unaninasa. Aliposema wari nikasikia wali, nikaanza kufikiria wali wa nazi, na nikasahau kwamba Mgiriama akisema wari ana maana ya sima. Ikaja sima, kubwa, na kunde zilizopikwa kwa nazi. Nilikula mpaka mke wa Kazungu akafurahi. Kazungu akanihadithia kwamba wateja wake wengi ni wafanyakazi wa kiwanda cha korosho, wanaokuja na kurudi kila siku kwa baiskeli, na kwamba alianza kuinua mikono ya baiskeli zao baada ya kuwasikia wakinung'unikia migongo wakati wa kutia matairi upepo. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akiwatazama tu wanavyoshuka.

Kibarani, siku ya pili na ya tatu

Asubuhi mwenye kinu, aliyekwisha kusikia kazi yangu, akaniomba nimwandikie mlangoni neno moja, KUSAGA, kwani wageni walikuwa wakidhani pale panauzwa mafuta ya taa. Neno moja tu. Nikachukua mkaa nichore kwanza.

K ilisimama. U ikainama. Nilipofika S mkaa ukateleza kutoka vidoleni bila mimi kujua, mkono ukaendelea kuchora hewa. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa S nilipoona hakuna S. Kina mama wa foleni ya siku hiyo hawakucheka. Mmoja wao, mtu mzima, aliniokotea mkaa akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole juu yake kimoja kimoja kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Nikamwambia shikamoo.

Nikafuta mlango kwa pindo la fulana yangu, nikaenda barazani.

"Geuza," nikamwambia Kazungu.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa sababu baadhi yenu mna migongo mibovu na hamjui kisa chake. Alianza na kiti. Ncha yake ya mbele ilikuwa imeinama, akasema hiyo pekee ilikuwa ikinimwaga mbele siku nzima na mikono ndiyo iliyonizuia nisianguke. Akakilaza sawasawa. Kisha akalegeza boliti ya juu ya shingo, akaigonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao ili kabari ya ndani iachie. Haikuachia. Ilikuwa na kutu tangu enzi za mzungu. Akaimwagia mafuta ya taa, tukaisubiri mpaka mchana, tukala wari tena, safari hii nikiwa najua ninachokula.

Mchana ikaachia. Akaipandisha shingo vidole vinne, akiniambia kila mara, "Dzulu kidogo," yaani juu, na akinionyesha alama iliyochongwa ambayo hairuhusiwi kuonekana, kwani ukiipita shingo inaweza kung'oka njiani. Halafu akafungua nati ya mikono, akazipindua zile pembe. Breki ikabidi zihamishwe na waya zake zilitosha kwa shida. Akaweka kiwiko chake kwenye ncha ya kiti, akanyoosha mkono, vidole vikaishia karibu na chuma cha mikono. Akasema mimi ni mrefu kumpita, akaniita nipime kwa dhiraa yangu mwenyewe. Mwisho akavifunga vishikio kwa kitambaa, na juu ya kitambaa akazungusha ukanda wa tyubu kuukuu.

Nilipoitazama iliniuma. Buluu yangu ilikuwa imesimamisha pembe. Kweli ilikuwa ng'ombe.

"Mikono haijulikani siku moja," Kazungu akasema. Kwa hiyo kesho yake, zamu ya asubuhi, akanipa kazi ya kwenda na wale wateja wake mpaka kwenye lango la kiwanda na kurudi, kisha jioni tena. Nilikwenda katikati ya kundi la watu kama thelathini, wote wamekaa wima, wote wanazungumza. Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani mtu wa baiskeli husafiri peke yake na pumzi zake. Kumbe ukiinua kichwa unaweza kumsalimu mtu, kumsikia mwenzako akilalamika juu ya mkwewe, na kuona nani amefungua duka. Jamaa aliyekuwa ubavuni mwangu alinieleza shida zake zote na za nyumba yake, na tulipofika langoni akaniambia tutaonana jioni, kana kwamba nimeajiriwa.

Jioni nikamwambia Kazungu mabega yamechoka kidogo. Akaiteremsha shingo kidole kimoja, akavielekeza vishikio nyuma kidogo ili vifundo visikunjike. Nikapanda. Nilishindwa kupata kosa, na si kwamba sikulitafuta.

Msidhani mikono ilipona hapo. Ilikuwa bado imelala. Lakini haikulala zaidi, na hilo lilikuwa halijatokea kwa miezi.

Alipokataa malipo makubwa niliyotaka kumpa, nilimuuliza nimwandikie kibao, mikono yangu ikirudi, kitakachosema yeye ni wa baiskeli. Akafikiri. Akasema hapana, kwa sababu yule bibi mwenye kifundo, baada ya kugundua kosa, alimletea baiskeli za wajukuu wake wote.

Kibarani hadi Malindi

Kurudi hakukuwa na mengi, na ndiyo raha yake. Watu walicheka baiskeli yangu toka Tezo. Wengine waliniita kwa mluzi wa kuitia ng'ombe. Mara ya kwanza niliumia, mara ya pili nikaumia kidogo, na Matsangoni nilipigiwa mluzi nikajibu kwa kulia kama ng'ombe, watu wakafurahi wakaniuzia dafu kubwa kuliko la mwanzo. Nililinywa nimeinua kichwa.

Msitu niliuona safari hii, wote, upande wa kushoto. Nilisimama mara mbili tu kukung'uta vidole na hakuna basi lililonisimamia. Karibu na Gede kidole kidogo cha kulia kikaanza kuwasha. Kiliwasha kwa uchungu, kama kimechomwa na upupu, nami nilikishukuru kwa sauti barabarani.

Ganda

Mama Kadzo aliiona baiskeli kwanza, kama wale wengine wote. "Umekwenda nayo," akasema, akanipimia mbaazi. Sikumwambia nilichoelewa mwanzo. Akisoma hapa atajua.

Vidole havikurudi kwa siku moja. Kilichorudi kwanza ni kuwasha, kisha baridi na moto, kisha nguvu kidogo kidogo. Ilipita kama wiki tatu. Milango niliyoahidi niliiomba subira, na baadaye nikaiandika yote, na zile N zimesimama. Mwenye shaka akaangalie.

Lakini kabla ya mlango wa kwanza kulikuwa na asubuhi moja ambayo ndiyo niliyotaka kuwaandikia tangu mwanzo. Nilikuwa najitayarisha kwenda shuleni. Nilivaa shati, nikalifunga, nikatafuta kofia. Ndinda alikuwa ameshika sufuria ya chai. Akaiweka chini.

"Baba Mutua, shule ya Kilifi ilikulipa?"

Nikaacha kutafuta kofia.

"Umevaa fulana mwezi mzima na zaidi," akasema. "Fulana kazini, fulana kanisani. Mtu aliyekuwa hatoki bila shati la kola. Nikasema ataniambia. Ukaniambia kuna shule Kilifi, nikakufungia chakula."

"Niliogopa," nikamwambia.

"Najua. Na mimi niliogopa. Nilikuwa naogopa peke yangu jikoni, na wewe unaogopa peke yako barabarani."

Akanikaribia. Nilidhani ananinyoosha kola. Akashika kifungo cha juu, kile kidogo cha shingoni, akakifungua, akarudi nyuma hatua moja.

"Kifunge tena," akasema. "Nataka kuona."

Nikakifunga.